Ngazi ya Fundi Mstari

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Nukta alikuwa bado kwenye swali la pili.

Maswali yalikuwa kumi. Alikaa mezani tangu saa tisa na nusu, hata sare hakuvua, na mpaka sasa alikuwa ameandika tarehe mara sita. Mara ya kwanza namba tisa ilikuwa na kichwa kikubwa. Mara ya pili mstari wa chini ulipita ukingo kidogo. Hizo nyingine mama yake hakujua zilikosa nini. Yeye aliona tarehe tu, tarehe nzuri kuliko zote alizowahi kuona kwa mtoto wa miaka kumi, na kila moja ilichanwa taratibu, ikakunjwa mara nne, ikatiwa mfukoni mwa sketi.

Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mikono yake ilikuwa bado inanuka dawa ya madoa. Alikuwa anamenya vitunguu karibu na dirisha.

"Mwanangu, uko swali la ngapi?"

"La pili."

"Si ndilo ulilokuwa unafanya nilipoingia?"

"Lile lilikuwa la pili la kwanza."

Mama alitaka kucheka, akaona mtoto hatanii.

"Inuka ule kwanza."

"Nikimaliza."

"Basi inuka hata ukajisaidie. Tangu nirudi hujatoka hapo."

"Nikimaliza, mama."

Penseli ikaenda, raba ikarudi. Penseli ikaenda, raba ikarudi. Mama alishaizoea sauti ile kiasi kwamba sauti nyingine ilipoanza hakuitambua mara moja. Ilikuwa sauti ya matone chini ya kiti.

Aligeuka. Sketi ya mtoto ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yanafuata ufa wa sakafu kuelekea mlangoni. Nukta alikuwa analia bila kutoa sauti, macho kwenye daftari, na mkono ulikuwa bado unaandika.

"Usinishike mkono," Nukta alisema, mama alipomkaribia. "Tafadhali, mama. Imebaki herufi moja."

*

Nukta halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na baba yake, mwandika mabango, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mstari. Kila bango alilolimaliza aliliwekea kitone chekundu kwenye kona ya chini, kulia. "Hiyo nukta ni wewe," alimwambia binti yake. "Nikishaiweka, kazi imeisha, narudi nyumbani." Miezi saba iliyopita alianguka kutoka kwenye ngazi nje ya duka la dawa, na hakurudi.

Jumatatu iliyofuata jioni ile ya swali la pili, mama aliitwa shuleni. Nje ya ofisi walikuwa wazazi watatu kwenye benchi, na mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto.

"Wewe ndiye mama wa yule wa polepole?" mwalimu wa darasa aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu alimwekea karatasi ya mtihani wa majaribio mbele yake. "Maswali arobaini. Kajibu manne. Haya manne nimeyaangalia na miwani na bila miwani, sikuona kosa. Hata mimi ubaoni siandiki hivi."

"Sasa shida ni nini?"

"Shida ni thelathini na sita, mama."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Samahani kukuuliza," mwalimu alisema. "Mtoto ni mzima?"

Kwenye benchi, vichwa vitatu viligeuka.

"Ni mzima. Amefiwa na baba yake."

Mwalimu alishusha sauti, lakini maneno yalikuwa yameshatoka nje. Alisema mtihani wenyewe ni Jumatatu ijayo, na akijibu manne tena atarudia darasa. "Na huyu akirudia, mimi naogopa. Wengine wakirudia wanalia siku mbili wanasahau. Huyu hatasahau." Kisha akamweleza la kufanya: amwekee saa, swali moja dakika tano, saa ikilia aache hata kama yuko katikati ya neno. Amnyang'anye raba. Akikosea apige mstari mmoja juu ya kosa, aendelee mbele.

"Mstari mmoja tu," mwalimu alirudia, akichora hewani kwa kidole. "Watu wote hukosea. Mfundishe kukosea."

Mama alipotoka alipita mbele ya benchi akiwa ameinamisha kichwa, kama aliyekutwa na kitu cha wenyewe kwenye mkoba.

*

Jumanne alificha raba. Nukta hakulalamika. Alilowesha kidole kwa mate akafuta nacho, mpaka karatasi ikatoboka na kidole kikatokea upande wa pili.

Jumatano aliweka saa ya mezani. Ilipolia, mtoto aliruka kama aliyemwagiwa maji, kisha akakaa bila kuandika chochote kwa dakika tano zilizofuata, na tano nyingine, akiisubiri ilie tena. Mama aliitia saa kabatini, chini ya nguo.

Siku hiyo hiyo, akitandika, aliinua godoro la Nukta. Zile karatasi zilizokunjwa mara nne zilikuwa pale, zimepangwa safu kwa safu kama matofali, kuanzia kichwani hadi miguuni. Alifungua moja. Tarehe. Alifungua nyingine. Tarehe, na neno "Swali". Alifungua kumi na tano, na hakuna iliyofika mstari wa tatu. Alizikunja upya, akazirudisha mahali pake, kila moja kwenye safu yake, akizihesabu asije akazikosea mpangilio.

Alhamisi alifanya kosa lake kubwa. Alifikiri mtoto anamlilia baba yake, na hilo lilikuwa kweli. Basi akatoa sanduku la Fundi Mstari chini ya kitanda, lenye brashi, makopo ya rangi, na ule uzi wa chaki ambao mwandika mabango huuvuta ukutani na kuuachia, paa, ukaacha mstari ulionyooka.

"Chukua," alimwambia. "Ni vyako sasa. Baba angefurahi."

Uso wa Nukta ulichanua. Mama aliuona uso ule akashukuru kimoyomoyo. Kumbe alikuwa amemwaga mafuta ya taa motoni. Kuanzia jioni ile, kabla ya kuandika herufi moja, mtoto aliuvuta uzi juu ya kila mstari wa daftari: mmoja wa kichwa cha herufi, mmoja wa kiuno, mmoja wa miguu. Paa. Paa. Paa. Ukurasa mmoja ulichukua saa nzima, na ulipokamilika ulikuwa mzuri mno, hakuthubutu kuandika juu yake.

*

Ijumaa alikuja shangazi, dada yake Fundi Mstari. Alimkuta Nukta mezani, akasimama nyuma yake akiwa amejishika kifua.

"Jamani. Mkono wa kaka yangu kabisa. Wifi, njoo uone."

"Naona kila siku, wifi. Hajala tangu asubuhi."

"Atakula. Hii ni damu. Kaka yangu hakuacha kazi na kasoro hata siku moja, mpaka anaingia kaburini."

Shingo ya Nukta ilinyooka kidogo. Mama aliliona hilo.

"Mwalimu anasema apunguze," alisema. "Asitafute kila kitu kiwe sawasawa."

"Apunguze nini? Wifi, usikasirike, lakini wewe unataka mtoto awe wa kulipualipua. Kazi yako ya mashuka inakuruhusu. Doa lisipotoka si mnalikunjia ndani, mgonjwa akalalia?"

"Ndiyo, tunalikunjia ndani," mama alijibu. "Na mgonjwa analala."

Shangazi aliguna. Mama alirudi kwenye jiko lake na kile alichokuwa amekibeba peke yake kwa miezi saba. Mwenye duka la dawa alimwambia hospitalini, kwenye korido, kofia mkononi: Kazi ilikuwa imekwisha, mama. Alishaweka kile kitone chake chekundu. Alishaosha brashi, amefunga sanduku, tunaagana. Akatazama juu, akasema kuna herufi moja mguu wake haujakaa vizuri, akapanda tena. Nikamwita, fundi, inatosha, shuka. Akageuka kunijibu.

Msibani watu walimsifu marehemu kwa sifa ile ile, mmoja baada ya mwingine, na mjane akaitikia. Mtoto aliambiwa ngazi iliteleza.

*

Jumamosi mchana, mama akitoka kazini, alipita mtaa wa nyuma ya gereji, na kinyozi akamwita kutoka mlangoni.

"Shemeji! Unapita kama hunijui?"

"Mawazo, shemeji."

"Mawazo hayaoti nywele, yangeota ningekunyoa." Akacheka peke yake, kisha akaonyesha bango juu ya mlango wake. "Kila nikiliangalia namkumbuka mtu wangu. Umewahi kuliona vizuri?"

Mama aliinua macho. KINYOZI WA WATU WOTE. Herufi zilianza kubwa, pana, zenye maringo, lakini kufikia neno la mwisho ubao ulikuwa umekwisha, na WOTE walibanana kwenye pembe kama abiria wanne kwenye kiti cha wawili.

"Ni lake hilo?"

"Lake! Kazi ya mwanzo mwanzo. Nilikuwa nafungua siku hiyo hiyo, wateja wameshakaa. Hakupima. Alipofika mwisho akashika kiuno, tukacheka mpaka machozi."

Mama aliyasoma tena yale maneno, herufi kwa herufi. Kisha akaenda nyumbani karibu mbio, akamshika Nukta mkono, akamleta.

"Tazama," alimwambia, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo haikuwapo kwa miezi. "Hilo kaandika baba yako. Unaona? Alikosea. Akacheka."

Nukta alitazama bango. Hakucheka. Macho yake yalikwenda kona ya chini, kulia.

"Halina nukta," alisema.

"Hakuweka," kinyozi alisema. "Alisema atarudi kulirekebisha siku akipata nafasi."

"Akarudi?"

"Aah, nani ana nafasi, binti yangu? Hakurudi."

Njiani mtoto alitangulia mbele. Nyumbani alikula chakula chote, akanawa, akafunga daftari swali likiwa katikati, akalala jua likiwa ndiyo kwanza limezama. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akimsikiliza anavyopumua. Alijiambia dawa imeingia.

*

Jumapili alfajiri kitanda kilikuwa kitupu.

Choo, hakuna. Uani, hakuna. Sanduku la rangi lilikuwa limeondoka chini ya kitanda. Mama alizunguka nyuma ya nyumba, na pale ukutani ambapo ngazi ililazwa tangu mwenye duka la dawa alipoirudisha, palikuwa na alama tu ya vumbi, na kabari.

Ilikuwa kipande cha mti, saizi ya kiganja. Ngazi ile ilikuwa fupi mguu wa kushoto, na Fundi Mstari hakuisimamisha kamwe bila kabari yake. Mtu aliyepima kila kitu duniani hakupata siku ya kutengeneza ngazi yake mwenyewe. Nukta hakulijua hilo. Baba yake hakumruhusu kukaribia anapopanda.

Mama aliokota kabari. Mbele ya nyumba aliona mistari miwili kwenye vumbi, iliyokwenda sambamba, ikatoka uani, ikakata kushoto. Miguu ya ngazi ilikuwa imeburuzwa pale. Mistari ilikuwa imenyooka. Hata akiburuza mzigo mzito kuliko yeye, mtoto alikuwa ameinyoosha. Mama aliifuata akiwa pekupeku, kwanza kwa hatua, kisha kwa mbio.

Mtaa wa nyuma ya gereji ulikuwa bado umelala. Nukta alikuwa juu kabisa, karibu na ubao, kopo la rangi nyeupe limening'inia kwenye kiwiko. Alikuwa ameshafuta neno la mwisho. Sasa alikuwa amejinyoosha upande mmoja kuvuta uzi wa chaki, na mguu wa kushoto wa ngazi ulikuwa hewani, haukugusa saruji.

Mdomo wa mama ulifunguka. Fundi, inatosha, shuka. Akaufunga. Alizitembea zile hatua chache kama anayevuka chumba chenye mtoto mchanga aliyelala, akaiweka kabari chini, akaikamata ngazi kwa mikono miwili, kisha akaisukuma kabari chini ya mguu wa ngazi kwa vidole vya mguu wake.

"Nani?" Nukta aliuliza.

"Ni mimi. Usigeuke."

"Nakaribia kumaliza, mama. Nimeshafuta."

"Naona."

"Baba alisema atarudi."

"Alisema."

"Bila nukta kazi haijaisha. Ndiyo maana mimi nami siwezi kumaliza."

Mama aliegemeza paji la uso kwenye kipandio. Mti ulikuwa baridi.

"Nilikudanganya kuhusu duka la dawa," alisema. "Ngazi haikuteleza."

Juu, uzi wa chaki ulilegea.

"Kazi ilikuwa imekwisha. Ile nukta yake alishaiweka, ipo mpaka leo, tutapita uione. Brashi alishaosha. Sanduku alishafunga. Akaona mguu wa herufi moja haujakaa vizuri, akapanda tena."

"Mguu wa herufi gani?"

"Sijui, mwanangu. Nimesimama pale mara nyingi, nimeutafuta. Siuoni."

Tone la rangi nyeupe lilianguka kwenye mkono wake, kisha la pili.

"Alikuwa ameshaweka nukta?" mtoto aliuliza tena, kwa sauti ndogo.

"Alishaiweka."

"Mama, naogopa. Siwezi kushuka."

"Mguu wa kulia. Hapo. Sasa wa kushoto. Mimi niko hapa, nimeishika."

Alimhesabia vipandio vyote. Nukta alipogusa chini alikaa kwenye saruji, na ndipo alipotazama juu akaona alichofanya. Palepale kinyozi akatokea, mswaki mdomoni, funguo mkononi.

"Jamani, WOTE wangu wako wapi?" Aliona uso wa mama, akatoa mswaki. "Si neno. Kinyozi wa watu. Hiyo nayo inatosha."

"Nimeharibu," Nukta alisema. "Nimeharibu, nimeharibu kazi ya baba." Alikuwa anapiga mkono wake wa kuandikia kwa mkono mwingine, kwa nguvu, bila kuacha, mpaka mama alipoishika yote miwili.

Mama alitazama ile sehemu nyeupe. Kisha akakunja mikono ya gauni.

"Nipe brashi. Na ile rangi nyeusi."

"Mama, wewe hujui."

"Sijui. Simama ushike ngazi."

"Shemeji, ngoja nikushikie mimi," kinyozi alisema.

"Hapana. Atashika yeye. Mikono miwili, Nukta. Ukiachia mmoja naanguka."

Akapanda. Hakupima, hakuvuta uzi. Mkono uliozoea mashuka uliishika brashi kama mwiko. W ilitoka na mguu mmoja mrefu. O ilikuwa yai. Rangi ilitiririka kutoka kwenye T, na E ikaenda chini kidogo, kama inayotaka kuondoka kwenye ubao. Chini yake aliisikia pumzi ya mtoto inakatika kwa kila herufi. Alisikia vidole vyake vinakaza na kulegea kwenye mti, vinakaza na kulegea, na ngazi ikatikisika kidogo, na kinyozi akapiga hatua moja mbele, akasimama.

Mama alibaki juu, brashi imeinuka.

"Ikoje?" aliuliza.

Nukta aliinua macho kwenye ubao, akayashusha.

"Niambie ukweli."

"O imepinda." Hakuiachia ngazi. "Na E imeshuka. Zote, mama. Zote hazijakaa vizuri."

"Nirekebishe? Niko huku huku juu. Ni kidogo tu, nikijinyoosha nafika."

Akauinua mguu mmoja kutoka kwenye kipandio. Ngazi ikalia.

"Hapana!" Nukta alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, shavu kwenye mti, macho ameyafumba. "Hapana, mama. Iache hivyo. Weka nukta. Weka nukta, ushuke."